Kuwasha DMA kwenye poti ya siriali ya mikrokontrola: mwongozo kamili kuanzia rejista ya kwanza mpaka baiti ya mwisho

Kama ushawahi kuandika programu ya mikrokontrola inayopokea data kwa siriali, huu ugonjwa utakuwa unaujua. Mwanzoni mambo yanaenda poa, moduli ya GPS inatuma sentensi zake kwa biti 9600 kwa sekunde, unazisoma baiti moja moja kwa intarapti (ishara inayomkatiza prosesa aje ahudumie), unalala usingizi. Afu siku unabadilisha kifaa, hiki kipya kinatuma kwa 460800, juu yake umeongeza skrini inayochorwa kwa SPI, na ghafla pakiti zinafika zimekatwa, herufi mbili tatu hazipo, na ukiweka printi ili ulitafute kosa ndo linazidi. Mi hili lilinila wiki nzima nikidhani waya ni mbovu, nikabadilisha waya mara tatu, waya haukuwa na shida yoyote.

Shida ilikuwa prosesa haifiki kwa wakati. Dawa yake ni DMA (direct memory access, saketi ndani ya chipu inayohamisha data kwenda na kutoka RAM bila prosesa), na kuiwasha kwenyewe ni rejista kama tano hivi, hata dakika ishirini haziishi. Wengi wanakwama mbele kidogo, pale ambapo DMA inapokea vizuri kabisa lakini programu haijui data imefika mpaka wapi wala nani anaimiliki bafa (eneo la RAM la kuweka data kwa muda) wakati huo. Kwa hiyo sehemu ya kuwasha nitaenda haraka, hiyo nyingine nitakaa nayo.

Mifano yangu ni ya STM32F103, kwa sababu iko kila mahali na rejista zake ni chache. Nikimaliza nitasema kinachobadilika kwenye chipu nyingine.

Hesabu kidogo kwanza

Siriali ya kawaida, biti 8 za data, bila pariti, biti moja ya kusimama, kila baiti inakula biti 10 kwenye waya. 115200 basi ni baiti 11520 kwa sekunde, yaani baiti moja kila maikrosekunde 86.8 hivi. Chipu inayokimbia 72 MHz ina mizunguko 6250 katikati ya baiti na baiti, ni mingi, hata ukiwa mzembe unapona. Panda mpaka 921600 uone: maikrosekunde 10.85, mizunguko 781. Kuingia tu kwenye intarapti Cortex-M3 inatumia mizunguko 12, bado kutoka, bado kazi yako yenyewe ya katikati, na bado kuna intarapti nyingine zenye kipaumbele kikubwa ambazo zinaweza kukushikilia mlangoni huku baiti zinagonga.

Na USART ya F103, yaani saketi ya siriali ndani ya chipu, haina foleni ndani. Ina rejista moja ya data na nyingine ya kusogeza biti, basi. Ukichelewa kusoma kwa muda wa baiti moja, ile iliyokuja nyuma inapotea na flegi ya ORE (alama kwamba umechelewa kusoma) inapanda. Hiyo ORE ndo ilikuwa inapanda kwangu wiki nzima, sikuwahi hata kuiangalia.

DMA ni kama tarishi. Unampa vitu vitatu: chukua wapi, peleka wapi, mara ngapi. Kila USART ikisema nina baiti, tarishi anaichukua na kuiweka kwenye RAM bila kumgusa bosi. Prosesa inaweza kuwa inachora skrini, inapiga hesabu, imelala kwa WFI (amri ya kusubiri intarapti), hata imezima intarapti zote, baiti zinaendelea kuingia.

Tafuta chaneli, usibahatishe

Kwenye F103 huchagui chaneli unayotaka, kila kifaa cha ndani kimefungwa kwenye chaneli yake kiwandani. Za siriali ziko kwenye DMA1:

USART1: kutuma chaneli 4, kupokea chaneli 5
USART2: kupokea chaneli 6, kutuma chaneli 7
USART3: kutuma chaneli 2, kupokea chaneli 3

Angalia USART2 inavyokuja kinyume, kupokea ndo inatangulia. Nimeona watu wameinakili kodi ya USART1, wakabadilisha namba kwa kukisia, wakakaa siku nzima na DMA iliyokaa kimya. Pia chaneli moja inashirikiwa na vifaa kadhaa, taima, SPI, I2C, na maombi yao yanaingia kwenye mlango mmoja, kwa hiyo ukiwasha viwili kwa pamoja kwenye chaneli moja vinavurugana. Fungua jedwali la DMA kwenye manyuali ya chipu kabla hujachora hata bodi, maana ukishachapisha bodi ndo ugundue SPI1 inagombea na USART3, utajuta.

Kupokea: kodi yenyewe

```c
#define UREFU 256
static uint8_t bafa_rx[UREFU];
static uint16_t mwisho = 0;

void siriali_washa(void)
{
    /* kloku kwanza, bila hii rejista hazishiki kitu */
    RCC->AHBENR  |= RCC_AHBENR_DMA1EN;
    RCC->APB2ENR |= RCC_APB2ENR_IOPAEN | RCC_APB2ENR_USART1EN;

    /* PA9 kutuma, PA10 kupokea ikiwa imevutwa juu */
    GPIOA->BSRR = 1u << 10;
    GPIOA->CRH  = (GPIOA->CRH & ~0xFF0u) | 0x8B0u;

    USART1->BRR = 625;              /* 72 MHz / 115200 */

    DMA1_Channel5->CCR   = 0;       /* zima kabla ya kupanga */
    DMA1->IFCR           = DMA_IFCR_CGIF5;
    DMA1_Channel5->CPAR  = (uint32_t)&USART1->DR;
    DMA1_Channel5->CMAR  = (uint32_t)bafa_rx;
    DMA1_Channel5->CNDTR = UREFU;
    DMA1_Channel5->CCR   = DMA_CCR_MINC | DMA_CCR_CIRC
                         | DMA_CCR_HTIE | DMA_CCR_TCIE
                         | DMA_CCR_PL_1;
    DMA1_Channel5->CCR  |= DMA_CCR_EN;

    USART1->CR3 = USART_CR3_DMAR | USART_CR3_DMAT;
    USART1->CR1 = USART_CR1_UE | USART_CR1_TE
                | USART_CR1_RE | USART_CR1_IDLEIE;

    NVIC_SetPriority(DMA1_Channel5_IRQn, 6);
    NVIC_SetPriority(DMA1_Channel4_IRQn, 6);
    NVIC_SetPriority(USART1_IRQn, 6);
    NVIC_EnableIRQ(DMA1_Channel5_IRQn);
    NVIC_EnableIRQ(DMA1_Channel4_IRQn);
    NVIC_EnableIRQ(USART1_IRQn);
}
```

Kloku ya DMA iko kwenye AHBENR, haiko kwenye APB2ENR na wenzake. Ukisahau, utaandika CPAR (anwani ya kifaa) na CMAR (anwani ya RAM), ukizisoma kwenye dibaga zinakuja sifuri tupu, hakuna kosa, hakuna kelele.

MINC inamwambia tarishi asogee nafasi moja kwenye RAM kila baiti. Upande wa USART haasogei, ni anwani ile ile ya DR (rejista ya data) siku zote, ndo maana PINC hatuiweki. Ukisahau MINC baiti zote zinarundikana kwenye bafa_rx[0] na unabaki unashangaa mbona naona herufi ya mwisho tu.

CIRC, yaani mzunguko, ndo roho ya mpango wote. CNDTR inahesabu kushuka, 256, 255, 254, ikifika sifuri inajirudisha yenyewe 256 na tarishi anarudi mwanzo wa bafa bila kusimama hata kidogo. Najua kuna wanaopokea bila CIRC, wanaomba baiti 20, zikifika wanaomba tena. Hiyo inafanya kazi tu kama mtumaji ni mpole. Katikati ya kumaliza na kuomba upya kuna upenyo, na pia baiti moja ikipotea njiani unabaki umehesabu vibaya milele, pakiti zote za mbele zinaanzia katikati. Mi siri­ali ya kupokea naiwasha mara moja tu wakati wa kuwaka na siizimi tena.

PA10 nimeivuta juu kwa makusudi. Laini ya siriali ikiwa imepumzika iko juu, sasa waya ukichomoka na pini ikabaki inaelea inaokota kelele, DMA nayo haina akili ya kuchagua, inakujazia takataka kwenye bafa.

Mpangilio wa kuwasha nao una maana: DMA iwe tayari kwanza ndo USART ifunguliwe.

Sasa data imefika wapi?

Hapa ndo penyewe. Kwenye intarapti ya kila baiti ulikuwa unajua, kila ukiitwa kuna baiti moja mpya. DMA haikuiti. Inakaa kimya inajaza, na wewe una njia tatu za kushtuka: bafa ikifika nusu, ikijaa yote, na laini ikinyamaza.

Nusu na kujaa zinatoka kwa DMA yenyewe, ndo zile HTIE na TCIE. Lakini zenyewe hazitoshi. Kifaa kikikutumia pakiti ya baiti 11 afu kikasubiri jibu, bafa ya 256 haijafika nusu, hakuna atakayekuita, na nyote wawili mnabaki mnasubiriana. Ndo inapoingia IDLE: USART ikishapokea kitu halafu laini ikatulia kwa muda wa fremu moja nzima, inainua flegi. Kwa 115200 ni kama maikrosekunde 87 baada ya baiti ya mwisho unajua pakiti imekatika. Na haipandi tena mpaka baiti nyingine ije, kwa hiyo haikusumbui laini ikiwa imelala.

Kosa la wengi ni kuandika kodi tatu tofauti kwa matukio matatu. Kwenye nusu wanasoma 0 mpaka 127, kwenye kujaa 128 mpaka 255, kwenye IDLE wanapiga hesabu ya tatu, halafu IDLE inakuja katikati ya nusu ya pili na baiti zilezile zinasomwa mara mbili. Usifanye hivyo. Andika fanksheni moja tu ambayo haijali kaitwa na nani, inaangalia tarishi yuko wapi sasa hivi na mara ya mwisho mimi niliishia wapi:

```c
static void soma_mpya(void)
{
    uint16_t sasa = UREFU - DMA1_Channel5->CNDTR;
    if (sasa == UREFU) sasa = 0;
    if (sasa == mwisho) return;

    if (sasa > mwisho) {
        pokea(&bafa_rx[mwisho], sasa - mwisho);
    } else {
        pokea(&bafa_rx[mwisho], UREFU - mwisho);
        if (sasa > 0) pokea(&bafa_rx[0], sasa);
    }
    mwisho = sasa;
}

void DMA1_Channel5_IRQHandler(void)
{
    DMA1->IFCR = DMA_IFCR_CHTIF5 | DMA_IFCR_CTCIF5
               | DMA_IFCR_CTEIF5;
    soma_mpya();
}

void USART1_IRQHandler(void)
{
    if (USART1->SR & USART_SR_IDLE) {
        (void)USART1->DR; /* soma SR halafu DR, IDLE inafutika */
        soma_mpya();
    }
}
```

Tawi la else ni pale tarishi ameshazunguka na kurudi mwanzo wakati wewe bado uko mkiani, unasoma mkia kwanza ndo kichwa. Ikiitwa mara mbili hakuna kitu kipya, inarudi kimya. Ukitaka kuiita na kwenye lupu kuu au kwa taima ruksa, ila uzime zile intarapti kwa muda huo mfupi.

Hizo intarapti za kupokea, ya DMA na ya USART, lazima ziwe na kipaumbele sawa. Zikitofautiana, moja inaweza kuikatiza nyingine katikati ya soma_mpya, mwisho inasomwa kabla haijaandikwa, na unapata baiti zilizojirudia mara moja kwa saa sita, kosa ambalo hutalipata mezani, utalipata kwa mteja.

Fanksheni ya pokea iwe nyepesi. Kazi yake ni kunakili baiti kwenye foleni yako na kuinua mkono, uchambuzi wa pakiti ufanyike nje ya intarapti. Ukitumia FreeRTOS (mfumo mdogo wa kugawa kazi kwenye taski), iamshe taski kwa taarifa ya kutoka kwenye intarapti, na namba ya kipaumbele iwe sawa au kubwa kuliko configMAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY, maana kwenye Cortex-M namba kubwa ndo kipaumbele kidogo na hapo watu huwa wanageuza.

Afu usichukulie IDLE kama mwisho wa pakiti kwa kiapo. Mtumaji akiwa ni kompyuta, adapta ya USB inaweza kukata pakiti moja ikaacha kaupenyo katikati, IDLE ikapanda mara mbili. IDLE inakwambia kuna kitu cha kusoma, mipaka ya pakiti itambue kwa urefu ulioandikwa ndani yake, herufi ya mwisho, CRC (hesabu ya kuhakiki data), chochote mlichokubaliana.

Bafa iwe kubwa kiasi gani

Watu wanaandika 64 au 256 kwa mazoea tu. Jiulize: muda mrefu kabisa ambao intarapti hii inaweza kuzuiwa ni upi? Tuseme unafuta ukurasa wa flashi au kuna sehemu imezima intarapti, jumla milisekunde 20. Kwa 921600 zinaingia baiti 92160 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya hizo 20 zinaingia kama 1843. Intarapti inaweza kuzuiwa sekunde ileile bafa inapofika nusu, yaani nusu nzima bado haijasomwa, hivyo nusu iliyobaki ndo inatakiwa ibebe 1843 peke yake. Mara mbili ni 3686, chukua 4096. Bafa ya 256 kwa kasi hiyo inazunguka yote kwa milisekunde 2.8, tarishi atakukanyaga na hakuna flegi yoyote itakayokwambia, maana kwa upande wake kazi imeenda vizuri.

CNDTR ni biti 16, mwisho 65535, lakini kwenye F103 nyingi RAM itakuishia mapema sana kabla ya hapo.

Kutuma

Kutuma ni rahisi zaidi kwa sababu urefu unaujua.

```c
static volatile uint8_t tx_kazini = 0;

int tuma(const uint8_t *data, uint16_t n)
{
    if (tx_kazini || n == 0) return 0;
    tx_kazini = 1;

    DMA1_Channel4->CCR   = 0;
    DMA1->IFCR           = DMA_IFCR_CGIF4;
    DMA1_Channel4->CPAR  = (uint32_t)&USART1->DR;
    DMA1_Channel4->CMAR  = (uint32_t)data;
    DMA1_Channel4->CNDTR = n;
    USART1->SR           = ~USART_SR_TC;
    DMA1_Channel4->CCR   = DMA_CCR_DIR | DMA_CCR_MINC
                         | DMA_CCR_TCIE | DMA_CCR_EN;
    return 1;
}

void DMA1_Channel4_IRQHandler(void)
{
    DMA1->IFCR = DMA_IFCR_CGIF4;
    DMA1_Channel4->CCR = 0;
    tx_kazini = 0;
}
```

DIR ndo inageuza safari, kutoka RAM kwenda USART. CNDTR haiandikiki chaneli ikiwa imewashwa, ndo maana nazima kwanza.

Mtego mkubwa hapa ni umiliki. Tuma inarudi mara moja, data bado haijaenda. Mi nilishawahi kutengeneza ujumbe kwa sprintf kwenye kigezo cha ndani ya fanksheni, nikaita tuma, nikarudi. Kwenye waya ikatoka nusu ya ujumbe na nusu takataka, kwa sababu fanksheni ilipoisha staki ilitumiwa na mwingine huku tarishi bado anasoma palepale. Weka bafa ya kutuma iwe static, na usiiguse mpaka tx_kazini irudi sifuri. Ukitaka kutuma mfululizo, tumia bafa mbili, moja inaenda nyingine unaijaza, kwenye intarapti unabadilishana.

Na kwa wale wa RS-485 (siriali ya vifaa vingi kwenye laini moja), sikilizeni hapa: DMA ikisema nimemaliza, maana yake baiti ya mwisho imeingia kwenye DR. Bado haijatoka kwenye waya, na huenda hata ya kabla yake iko katikati ya kutoka. Ukishusha pini ya DE (inayoruhusu kutuma) palepale unakata mkia wa pakiti na upande wa pili CRC inagoma kila mara. Washa TCIE ya USART ndani ya intarapti ya DMA, afu TC ya USART (flegi ya kumaliza kutuma) ikipanda ndo ushushe DE. Hizi TC mbili zina jina moja na ni vitu viwili tofauti. Ndo sababu pia juu nimeifuta TC ya USART kabla ya kuanza, isije ikakudanganya na ya safari iliyopita.

Ukipita kwa HAL

Wasiopenda rejista, kuna HAL, maktaba ya ST wenyewe, na CubeMX, programu yao ya kupanga chipu, inakutengenezea kodi. Ongeza USART1_RX na USART1_TX kwenye ukurasa wa DMA, ya kupokea iweke mzunguko, ya kutuma iache kawaida, halafu:

```c
HAL_UARTEx_ReceiveToIdle_DMA(&huart1, bafa_rx, UREFU);
```

na matukio yote matatu, nusu, kujaa na IDLE, yanakuja kwenye HAL_UARTEx_RxEventCallback. Ile Size unayopewa, kwenye mzunguko, ni nafasi aliyofika tarishi tangu mwanzo wa bafa. Sio idadi ya baiti mpya! Iweke kwenye hesabu ileile ya sasa na mwisho, na Size ikiwa sawa na UREFU ichukulie sifuri.

Kuna mambo matatu ya HAL yanayokula muda wa watu. MX_DMA_Init lazima iitwe kabla ya MX_USART1_UART_Init, CubeMX ikipanga kinyume DMA haipati kloku na hakuna kitu kinachofika. La pili, unaita HAL_UART_Transmit_DMA mara ya kwanza inaenda, ya pili inarudisha HAL_BUSY milele: hujawasha intarapti ya USART1 yenyewe, HAL inaihitaji ili ijue TC imepanda, intarapti ya DMA peke yake haitoshi. La tatu ndo baya kuliko yote, kosa lolote la mapokezi likitokea wakati wa DMA, ORE au hata fremu moja mbovu mtu akichomeka waya, HAL inasimamisha mapokezi kabisa. Usipoandika HAL_UART_ErrorCallback na ndani yake ukaita tena ReceiveToIdle_DMA na kurudisha mwisho kuwa 0, kifaa kinakuwa kiziwi mpaka mtu akizime akiwashe.

Chipu nyingine

F4 ina strimu badala ya chaneli, na ndani ya strimu unachagua chaneli kwa biti. USART1 iko DMA2, kupokea strimu 2 au 5, kutuma strimu 7, zote chaneli 4. Ukizima EN subiri mpaka uisome imekuwa sifuri kweli, na futa flegi zote za strimu kabla ya kuwasha tena, ikibaki hata moja strimu inaweza kukataa. Zile F4 zenye CCM, RAM ya 0x10000000, DMA haifiki huko kabisa, ukiweka bafa humo hupati kitu.

G0, G4, L4+ na H7 zina DMAMUX, hapo hatimaye unachagua chaneli yoyote unayotaka, raha. Na kwenye familia mpya IDLE inafutwa kwa kuandika rejista ya ICR, ule mchezo wa kusoma SR na DR haupo.

H7 ina mitego miwili kwa mpigo. RAM ya DTCM, ile ya 0x20000000, ambako miradi mingi inaweka vigezo vyote, DMA1 na DMA2 haziioni, peleka bafa kwenye SRAM nyingine kupitia faili la linka. Ukishahamisha unakutana na kashe: tarishi ameandika kwenye RAM, prosesa inasoma nakala ya zamani iliyo kwenye kashe. Panga bafa kwenye mpaka wa baiti 32 na urefu uwe mafungu ya 32, ita SCB_InvalidateDCache_by_Addr kabla ya kusoma na SCB_CleanDCache_by_Addr kabla ya kutuma. Au kwa MPU (kitengo cha kulinda kumbukumbu) ifanye sehemu hiyo isipite kashe kabisa, mi napenda hii, unapanga mara moja unasahau.

RP2040 ina chaneli 12 na kila moja inaweza kumhudumia yeyote, unaipa namba ya DREQ (ombi la data) ya UART. Bafa ya mzunguko lazima urefu wake uwe kipeo cha mbili na anwani yake ipangwe kwa urefu huohuo. ATmega328P haina DMA, huko endelea na intarapti.

Jaribu kabla hujaamini

Unganisha PA9 na PA10 kwa waya mmoja, chipu ijiongeleshe. Tuma 0, 1, 2 mpaka 250 na kurudia (usifike 255, maana mfuatano wa 256 unalingana na bafa ya 256 na duru nzima ikipotea huioni), upande wa kupokea hakikisha kila baiti ni iliyopita jumlisha moja, na baada ya 250 inakuja 0, ukikuta tofauti ongeza hesabu ya makosa. Ikienda safi dakika kumi, mchokoze: kwenye lupu kuu zima intarapti zote kwa milisekunde 5, washa, rudia. Kwa 115200 bafa ya 256 nusu yake ni milisekunde 11.1, kwa hiyo inatakiwa isipoteze hata moja. Ongeza mpaka 15, baadhi ya safari utaanza kuona pengo au baiti zilizokanyagwa, na hapo utakuwa umeiona kwa macho ile hesabu ya ukubwa wa bafa.

Ukiwa kwenye dibaga kumbuka kusimamisha prosesa hakusimamishi DMA. Umesimama kwenye mstari unaangalia bafa, na bafa inabadilika mbele yako, sio jini. Na usiache dirisha la rejista za USART limefunguliwa, maana dibaga ikisoma DR ni sawa na programu kuisoma, ikikutana na baiti kabla ya tarishi inaila, na SR ikisomwa kabla yake na IDLE inafutika. Kuna jioni moja nilikuwa napoteza baiti kila nikisimamisha programu tu, nikaandika upya nusu ya kodi, kumbe ni lile dirisha la pembeni.